Mashimo meusi 21 yamezaliwa, hakuna hata moja lililobaki: nifanyeje?

SWALI

Shikamooni walimu wangu,

Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu mashimo meusi ndani ya fungunyota tufe, yaani kundi mviringo la nyota nyingi zilizoshikana kwa mvuto. Natumia programu ya maabara niliyorithi kwa mwanafunzi aliyenitangulia. Ni Hermite ya daraja la nne (mbinu ya kusogeza nyota hatua kwa hatua), inapiga hesabu ya mvuto wa kila nyota juu ya kila nyota, na mageuko ya nyota yanatoka kwenye BSE ya asili (programu inayokadiria maisha na kifo cha nyota) iliyounganishwa humo.

Vigezo vyangu ni hivi: nyota 10,000 kwa mpangilio wa Plummer (zimesongamana katikati na kupungua kuelekea nje), nusukipenyo cha nusu ya masi parseki 1, masi za nyota kwa mgawanyo wa Kroupa (ndogo nyingi, kubwa chache) kuanzia 0.08 hadi 100 za Jua, metali (sehemu ya elementi nzito kuliko heli) 0.001, hakuna jozi za nyota mwanzoni. Nguvu ya mvuto nimeilainisha kwa parseki 0.01 kwa sababu bila hivyo programu inakwama. Sigma ya teke, yaani mtawanyiko wa kasi ambayo masalia ya nyota husukumwa nayo yanapozaliwa, ni kilomita 190 kwa sekunde. Kwenye bhflag, kigezo kinachoamua mashimo meusi yapigwe teke vipi, nimeweka 1, niliyoinakili kutoka mfano wa COSMIC, programu nyingine ya mageuko ya nyota. Natoa picha ya fungunyota kila baada ya miaka milioni 50 mpaka 500.

Logi inasema mashimo meusi 21 yamezaliwa. Mstari mmoja unasomeka hivi: muda 6.1, masi 11.3, kasi 311. Lakini picha ya miaka milioni 50 haina hata shimo moja, na zinazofuata ni hivyohivyo.

Msimamizi wangu anaona tuandike kwamba fungunyota hutimua mashimo yake yote, kisha hoja hiyo tuipeleke kwenye fungunyota kubwa ya Omega Centauri: kwa kuwa mashimo madogo hayabaki, masi iliyojificha katikati lazima iwe shimo moja kubwa. Mimi nasita, ila sina cha kumwonyesha. Nimebakiza miezi 10, nina kompyuta moja yenye kadi moja ya michoro, na umeme unakatika mara kwa mara. Naombeni msaada.

Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Hitimisho hilo usiliandike. Na umefanya vyema kuleta vigezo vyote, maana jibu limo humohumo ndani ya barua. Fungunyota yako haikutimua kitu. Mashimo yalipigwa teke palepale yalipozaliwa, na lililoyapiga ni hiyo bhflag.

Chukua mstari wako wa logi uuweke mbele yako: kilomita 311 kwa sekunde. Sasa tafuta kasi ya kutoroka. Nyota 10,000 za Kroupa zina wastani wa masi 0.6 hivi ya Jua, kwa hiyo jumla ni kama 6,000. Kipimo a cha Plummer ni nusukipenyo cha nusu ya masi ukikigawa kwa 1.3, yaani parseki 0.77. Kasi ya kutoroka kutoka katikati ni kipeuo cha pili cha 2GM/a, na G ni 0.0045 ukitumia parseki, masi ya Jua na miaka milioni. Inatoka 8.4 katika vizio hivyo, sawa na kilomita 8.2 kwa sekunde. Shimo lililozaliwa na kasi ya 311 litakuwa limefika zaidi ya parseki 300 baada ya miaka milioni moja. Na si hilo peke yake. Kwa mgawanyo wa Maxwell wenye sigma 190, uwezekano wa teke kuwa chini ya 8.2 ni kama mara 2 katika 100,000. Kwa mashimo 21, usitegemee hata moja.

Katika BSE ya asili bhflag ni swichi ya pande mbili. Ikiwa sifuri, shimo halipigwi teke. Ikiwa si sifuri, linapigwa teke zima kama nyota ya nyutroni. Katika COSMIC, 1 ina maana nyingine kabisa: teke linapunguzwa kwa kadiri ya mada inayorudi kuliangukia shimo, na teke zima lisilopunguzwa ni 3. Umechukua namba iliyo sahihi kwao ukaipeleka mahali ambapo maana yake ni kinyume. Kosa hili ni la kawaida sana kwa wanaofanya kazi na programu zilizorithishwa, kwa sababu jina la kigezo ni lilelile na programu hailalamiki.

Kupunguza teke si mapambo, ni fizikia yenyewe. Nyota ya nyutroni huzaliwa na mlipuko usio sawa pande zote, nao huisukuma. Kasi zilizopimwa za pulsa (nyota za nyutroni zinazotoa mapigo ya redio) zimewapa Hobbs na wenzake, mwaka 2005, mtawanyiko wa kilomita 265 kwa sekunde. Lakini nyota ikiwa nzito, sehemu kubwa ya mada iliyorushwa haipati nguvu ya kuondoka, inarudi, na teke linapungua kwa sehemu hiyohiyo. Katika modeli za Fryer na wenzake za mwaka 2012, kiini cha kaboni na oksijeni chenye masi 11 za Jua au zaidi huanguka chote ndani, na teke linakuwa sifuri. Kwa metali chache kama 0.001, nyota nyingi zinazozaa mashimo mazito ziko upande huo, kwa hiyo mashimo hayo hubaki nyumbani.

Jaribio la kwanza ni la mchana mmoja. Tumia mbegu ileile ya namba nasibu (ili nyota zianze vilevile), weka bhflag 0, endesha mpaka miaka milioni 15 tu, na toa picha kila baada ya miaka laki 5. Nyota ya masi 20 huishi kama miaka milioni 9 au 10, na nzito zaidi huishi pungufu, hivyo kufikia hapo karibu mashimo yote yameshazaliwa. Yakionekana yote ndani, kesi imekwisha. Angalia pia jinsi programu inavyohesabu: je, inafuta chembe zilizovuka mpaka fulani, au inaziacha kwenye faili zikiwa mbali? Kama inaziacha, mashimo yako 21 bado yamo kwenye picha ya miaka milioni 50, ila yako maelfu ya parseki nje. Kuanzia sasa, miaka milioni 30 ya kwanza toa picha mara nyingi, baadaye ndipo upunguze. Kwa hatua ya miaka milioni 50, tukio zima la kuzaliwa na kutoroka limepita kati ya picha ya kwanza na ya pili bila wewe kuliona.

Sasa tuje kwenye ulainishaji, ambao unatutia wasiwasi kuliko bhflag, kwa sababu bhflag imeharibu matokeo waziwazi na huu ungeyaharibu kimyakimya. Parseki 0.01 ni zaidi ya mara 2,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Ndani ya umbali huo programu yako inadhoofisha mvuto, yaani mashimo mawili hayawezi kushikana kwa karibu. Lakini kutimuliwa kwa mashimo kunakofanywa na fungunyota yenyewe hutokea hapohapo. Mashimo mawili ya masi 10 huunda jozi, la tatu linapita karibu, jozi inabana zaidi, na nishati iliyotoka inamrusha mpita njia nje. Katika fungunyota yenye kasi ya kutoroka ya kilomita 8, jozi inaanza kuwatupa wenzake nje inapofikia upana wa makumi machache ya umbali wa Dunia na Jua. Kwa ulainishaji wako jozi hiyo haizaliwi kamwe.

Unaona hii inatupeleka wapi? Ulainishaji huo unapaswa kuyabakiza mashimo kupita kiasi. Pamoja na hayo yametoweka. Huo ni ushahidi wa pili, usiotegemea logi, kwamba kilichoyaondoa ni teke. Na ni onyo pia: ukirekebisha bhflag peke yake, utapata modeli ambayo mashimo yote yanabaki milele, utafurahi, na utakuwa umekosea upande wa pili.

Programu inakwama bila ulainishaji kwa sababu jozi iliyobana inadai hatua za muda ndogo mno, na kompyuta nzima inasubiri nyota mbili zinazozungukana. Dawa yake ni kuiandika upya milinganyo ya jozi ili mahali pa kugongana pasilete sifuri kwenye kigawanyo. Kazi hiyo imeshafanywa na wengine, usiianze. PeTar na NBODY6++GPU ni programu huria, zote mbili zinashughulikia jozi namna hiyo, na zote mbili zina BSE iliyosasishwa, yenye upepo wa nyota uliosahihishwa na kupunguzwa kwa teke. Kwa metali chache upepo huo hutoa mashimo mazito zaidi kuliko ya BSE ya asili. Kwa nyota 10,000 kwenye kompyuta moja sisi tungechagua PeTar. Ila soma maana ya bhflag katika mwongozo wa toleo ulilosakinisha, usiichukue kwetu wala kwenye mfano wa mtu.

Kabla ya kuiamini programu mpya, ipe modeli ambayo jibu lake linajulikana. Nyota 1,000 zenye masi sawa, Plummer, hakuna mageuko ya nyota, hakuna jozi mwanzoni. Mwanzoni nishati ya mwendo iwe nusu ya ukubwa wa nishati ya mvuto. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, vizio vimechanganywa. Kiini kinapaswa kuporomoka karibu na mara 15 ya muda wa kusawazika (tutaueleza hapo chini), na hapo jozi ya kwanza ngumu itajitokeza. Kosa la nishati likae chini ya sehemu 1 katika 10,000 mpaka mwisho. Likiruka ghafla wakati wa kuporomoka, hatua za muda ni kubwa mno kwa jozi. Ukishawasha mageuko ya nyota, nishati haitatunzwa tena, kwa kuwa nyota zinapoteza masi. Hapo inabidi programu iweke hesabu ya nishati iliyoondoka, na wewe usome kosa lililobaki baada ya kuitoa.

Kuhusu vizio, kuna mtego mmoja mdogo unaopenda kujificha. Kilomita 1 kwa sekunde ni parseki 1.02 kwa miaka milioni. Ukisahau kubadilisha, kasi zote zinakosewa kwa asilimia 2 na nishati ya mwendo kwa asilimia 4. Modeli inaenda vizuri, michoro inapendeza, na hakuna atakayegundua. Jipime kwa kuhesabu uwiano ule wa nishati kutoka kwenye faili la mwanzo, kwa mkono wako, nje ya programu.

Tuseme sasa umepata modeli safi. Hapo ndipo penye kiini cha tasnifu yako, na ndipo pia hoja ya msimamizi inapokwama hata kama teke lingekuwa sahihi.

Fungunyota haihesabu umri wake kwa miaka. Inauhesabu kwa muda wa kusawazika, yaani muda ambao nyota, kwa kuvutana kidogokidogo, zinakuwa zimegawana nishati hata mwendo wa awali ukasahaulika. Kwa nusu ya masi, muda huo ni 0.138 mara kipeuo cha pili cha N (idadi ya nyota), mara kipeuo cha nusukipenyo kilichopandishwa kwa 3, ukigawa kwa kipeuo cha G mara masi ya wastani, kisha ukigawa tena kwa logi asilia ya 0.11N. Weka namba zako: N 10,000, parseki 1, masi 0.6. Inatoka miaka milioni 38. Kwa hiyo miaka yako milioni 500 ni kama mara 13 ya muda wa kusawazika. Omega Centauri ina masi inayozidi milioni 3 za Jua, na muda wake wa kusawazika unazidi miaka bilioni 10, wakati umri wake ni kama bilioni 12. Haijamaliza hata mara 2. Fungunyota yako ni bibi kizee, Omega Centauri ni msichana, na hali ya mmoja haiwezi kuelezwa kwa kumtazama mwingine. (Omega Centauri inadhaniwa pia kuwa kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na Njia Nyeupe, jambo linaloongeza tofauti hiyo.)

Imani kwamba mashimo hufurushana mpaka linabaki moja au hakuna ina historia yake, na huenda ndiko msimamizi wako anakotokea. Mwaka 1993 zilitoka makala mbili zenye hoja nzito, ya Sigurdsson na Hernquist na ya Kulkarni, Hut na McMillan. Zilisema mashimo, kwa kuwa ni mazito, yatazama katikati, yatajitenga na nyota nyingine, kisha yatatupana nje upesi. Sehemu ya kuzama ni kweli. Kilichorekebishwa baadaye ni upesi wake. Breen na Heggie, mwaka 2013, walionyesha kwamba mashimo yaliyoko katikati hayajiamulii kasi ya kutupana. Yanatoa nishati kwa kiwango ambacho fungunyota nzima inaweza kuipitisha kwenda nje, na kiwango hicho kinapangwa na muda wa kusawazika wa fungunyota nzima, si wa kile kikundi kidogo cha mashimo. Hivyo kuyamaliza huchukua yapata mara 10 ya muda huo. Fungunyota ndogo iliyobana inayamaliza mapema. Fungunyota kubwa iliyotanuka bado inayo leo.

Na angani yapo. Katika fungunyota ya NGC 3201, kifaa cha MUSE kilichoko kwenye darubini ya VLT huko Chile kiliona nyota ya masi 0.8 ikiyumba kila siku 167 kuzunguka kitu kisichoonekana chenye masi isiyopungua 4.36 za Jua. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018. NGC 3201 ina kiini kikubwa kilichotanuka, kama inavyotarajiwa pale mashimo yanapopasha joto katikati. Fungunyota ya Palomar 5, iliyovimba na kuburuta mikia mirefu ya nyota, inaelezwa vizuri na modeli ya mwaka 2021 yenye mashimo zaidi ya 100 yakiwa kama moja ya tano ya masi yote. Sentensi isemayo fungunyota hutimua mashimo yake yote haitapita kwa mtahini anayefuatilia fani hii.

Kwa hiyo tasnifu yako iulize swali ambalo kompyuta yako inaweza kulijibu. Tunakupendekezea hili: je, sehemu ya mashimo iliyobaki inategemea miaka, au inategemea idadi ya mida ya kusawazika iliyopita? Shikilia N kwa 10,000 na ubadili nusukipenyo: parseki 1, 2 na 3. Muda wa kusawazika unakuwa milioni 38, 107 na 197. Kila kimoja endesha mara 10 kwa mbegu tofauti. Usiridhike na mara moja au tatu. Mashimo 20 yana msukosuko wa bahati wa 4 au 5, yaani zaidi ya asilimia 20. Kwa mara 10 unapata mashimo kama 200 na msukosuko unashuka kwenye asilimia 7. Zote ziwe na teke lililopunguzwa. Kisha, kwa parseki 2 pekee, ongeza modeli 5 zisizo na teke na 5 zenye teke zima, ili msomaji aone kwa macho kosa lile lilivyofanya kazi. Jumla ni modeli 40.

Chora sehemu ya mashimo iliyobaki dhidi ya miaka, mistari mitatu itaachana. Chora tena dhidi ya muda uliogawanywa kwa muda wa kusawazika. Kama Breen na Heggie wako sahihi kwa fungunyota ndogo kama zako, mistari itakaribiana. Haitalala kabisa juu ya mwenzake, kwa sababu nyota nzito zinapokufa fungunyota inapoteza masi na kutanuka, na muda wa kusawazika wenyewe unarefuka njiani. Basi usitumie thamani ya mwanzo peke yake. Ikokotoe katika kila picha, na ujumlishe vipande vya muda, kila kipande kikigawanywa kwa thamani yake. Ile 0.11 ndani ya logi pia ni ya nyota zenye masi sawa. Kwa masi mchanganyiko wengine hutumia 0.02. Chagua moja, iandike kwenye sura ya mbinu, usibadilishe katikati.

Hiyo peke yake inatosha kwa uzamili. Ukitaka kuipeleka kwenye fungunyota za kweli, usijaribu kuongeza nyota mpaka laki kwenye kompyuta hiyo. Kuna katalogi ya wazi ya modeli 148 zilizoendeshwa kwa programu ya CMC, iliyotolewa mwaka 2020, zenye chembe kuanzia laki 2 hadi milioni 3.2. CMC haikokotoi kila nyota kwa kila nyota. Inatumia mbinu ya Monte Carlo, ikichukulia fungunyota ni mviringo kamili, ndiyo maana inafika mbali. Chukua modeli zenye nusukipenyo cha mwanzo cha viriali (kipimo cha ukubwa kinachotokana na nishati ya mvuto) cha parseki 0.5, 1, 2 na 4, uweke nukta zake kwenye mchoro wako wa pili. Zile za 0.5 huishia na kiini kilichoporomoka na mashimo machache, za 4 huishia na mengi. Usiitumie CMC yenyewe kwa nyota 10,000, maana takwimu inazozitegemea hazishiki kwa idadi ndogo.

Umeme. Weka programu iandike faili la kuanzia upya kila nusu saa, na uhifadhi mawili ya mwisho kwa zamu, si moja, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hilohilo linaharibika. UPS iwe ya kompyuta tu, kioo kichomeke kwingine. Ukianzisha upya kwenye kadi ya michoro, usishangae nyota zikifuata njia tofauti na za awali. Mpangilio wa kujumlisha namba hubadilika, tofauti ya tarakimu ya mwisho inakua maradufu kila mara, na baada ya muda mfupi kila nyota iko kwingine. Takwimu za modeli nyingi hazidhuriki. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka mbegu 10.

Imebaki Omega Centauri. Tunaelewa kwa nini msimamizi anaipenda, hata sisi tunaipenda. Mwezi Mei jioni, hapo Dar es Salaam, inapanda kama nyuzi 49 juu ya upeo wa kusini, na nje ya taa za jiji utaiona kwa macho kama nyota yenye ukungu ndani ya kundinyota la Kantarusi, juu ya Salibu (Msalaba wa Kusini) upande wa mashariki. Mwaka 2024 Häberle na wenzake, wakitumia picha zaidi ya 500 za Hubble zilizokusanywa kwa miaka 20, walionyesha nyota 7 karibu kabisa na katikati zinazokwenda kasi kuliko kasi ya kutoroka ya fungunyota hiyo. Kwa kuwa bado zipo, kuna kitu kinachozishika, na kwa hesabu yao ni shimo lisilopungua masi 8,200 za Jua. Angalia hoja yao imesimama juu ya nini: nyota binafsi, kasi zake, na mahali zilipo. Hawakusema kwamba mashimo madogo hayapo. Mtawanyiko wa kasi ukipanda tu kuelekea katikati, shimo moja kubwa na kikundi cha mashimo madogo yaliyosongamana hutoa mchoro unaofanana sana. Mwaka 2017 mwendo wa pulsa za fungunyota ya 47 Tucanae ulitafsiriwa kuwa shimo la masi 2,200. Baadaye modeli zenye masalia meusi ya kawaida zilieleza data ileile bila kulihitaji. Hiyo iweke kwenye sura yako ya mapitio, aya mbili, na uiache hapo. Modeli zako haziwezi kusema lolote juu ya shimo la Omega Centauri, kwa kukubali wala kwa kukataa.

Kwa Profesa nenda na karatasi moja, na nenda baada ya lile jaribio la bhflag 0, si kabla. Usimwambie hoja yake ina kasoro. Weka michoro miwili upande kwa upande, bhflag 1 na bhflag 0, mbegu ileile, miaka milioni 15, na chini yake andika kasi ya kutoroka 8.2 pembeni ya mstari wa logi wenye 311. Mwombe akusaidie kusoma namba hizo mbili. Kisha mpe jedwali la modeli 40, na muda uliopima kwa modeli moja ukizidisha kwa 40, aone kwamba zinaisha kabla ya miezi mitano kupita. Akiridhika, mwombe kichwa cha tasnifu kibadilishwe wiki hiyohiyo, kwa sababu fomu za kubadili kichwa huzunguka ofisini kwa muda mrefu kuliko kompyuta yako itakavyofanya kazi.